Hakuna Aliyetoa Hoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa ofisini kabla jua halijapanda. Nilikuwa kijana wa Ushirombo niliyetoka shule ya misheni na kaptula mpya ya kaki na viatu vya kuazima. Ofisa Mtendaji wa Halmashauri, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa mkubwa wa watumishi wote wa halmashauri, aliniuliza nimekuja kufanya kazi gani. Nikajibu kwa adabu, "Kuandika yanayosemwa na madiwani, Bwana."

"Toka nje," akasema. "Utarudi ukishaijua kazi yako."

Nikakaa barazani na wazee waliokuja kulalamikia kodi, nikawaza nitamwambia nini mama yangu aliyeuza mbuzi anishonee ile kaptula. Baadaye aliniita, akanisimamisha mbele ya meza yake na kunipa somo ambalo sijalisahau. "Watu husema mengi. Ukiyaandika yote utajaza ghala. Karani wa kamati anaandika hoja, nani kaitoa, nani kaiunga mkono, na imeamuliwa nini. Neno lisilo na mtoa hoja ni upepo tu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Ninaeleza haya kwa vijana wanaofikiri kazi ile ilikuwa ya kugongagonga mashine ya chapa. Kila kikao cha halmashauri huanza kwa akidi, yaani idadi ya madiwani inayotosha kufanya kikao kiwe halali. Ikitimia, jambo la kwanza ni kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Mwenyekiti anauliza, "Nani anatoa hoja kumbukumbu zithibitishwe?" Diwani mmoja anasimama, mwingine anaunga mkono, mwenyekiti anatia sahihi. Baada ya hapo yanafuata yatokanayo, yaani yale tuliyoahidiana mara iliyopita na tunataka kujua yamefikia wapi. Bila kuthibitisha huwezi kufika kwenye yatokanayo, na bila yatokanayo huwezi kufika kwenye makadirio ya fedha. Ni kama kufungua milango ya nyumba ya Mhindi. Usipofungua wa dukani, huoni wa ghalani.

Kumbukumbu zenyewe tulizipiga kwenye karatasi ya nta iitwayo stenseli, tukaifunga kwenye mashine ya kurudufia na kuzungusha mpini mpaka bega liume. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu kali, unasubiri ikauke, unapiga tena juu yake. Nilirudi nyumbani na wino hadi masikioni, na watoto wa mtaani wakaniita Baba Mkaa. Sikukasirika, kwa sababu kazi ile niliipenda.

Kutoka hapo nilipelekwa Masumbwe chini ya Ofisa Tarafa mmoja mkali, mtu wa kupenda usafi kuliko watu. Alitukagua kucha kila Jumatatu, na diwani aliyeingia na matope alirudishwa mlangoni. Baadaye nikahamishiwa wilaya nyingine ya Usukuma, ambayo sitaitaja kwa kuwa wapo watoto wa watu. Huko nikamkuta yule Ofisa Mtendaji wangu wa kwanza, amehamishiwa huko kabla yangu, ameota kitambi na kununua miwani. Alifurahi kuniona. Yeye alikuwa mzaliwa wa huko huko, mtoto wa wachungaji wa ng'ombe aliyepanda kwa kusoma, na nilimheshimu kama baba mdogo.

Wilayani huko ndiko nilikomjua Mama Shija.

Wezi wa ng'ombe waliingia kijijini kwao alfajiri wakiwa na bunduki. Mume wake alitoka kupiga mwano, lile yowe la Wasukuma ambalo kila mwanamume akilisikia lazima aache alichoshika na kukimbilia linakotoka. Alipigwa risasi akiwa bado anaita. Shija, mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa amekwisha kutoa mahari na kungoja harusi, aliwafuata wezi na upinde wake, naye hakurudi. Wanakijiji walifuata nyayo mpaka wakawakamata watu watatu wakiwa na sehemu ya ng'ombe, wakawapeleka polisi wakiwa hai, jambo ambalo nawaambia halikuwa rahisi. Watu hao wakaingizwa mahabusu. Ng'ombe wakafungiwa zizi la polisi wawe kidhibiti, yaani ushahidi wa kushikika utakaoonyeshwa hakimu.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, Mama Shija alikwenda mnadani kuuza kuku. Mtu akamsalimia kwa nyuma, "Mwangaluka, mayu." Akageuka kuitikia. Alikuwa mmoja wa wale watatu, anakula muwa.

Siku ya pili yake alikuja ofisini kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akaendelea kwa Kisukuma, "Nimeambiwa wewe ndiye unaandika maneno ya serikali."

"Naandika ya halmashauri tu, mama."

"Haya. Andika kwamba nauliza nani amewafungulia, na kwa nini. Sitaki walipe. Sitaki wanyongwe, hilo ni lenu. Nataka niambiwe."

Nilimweleza kwamba swali la raia haliingii kikaoni lenyewe. Lazima diwani alibebe. Nikamwelekeza kwa Diwani Luhende wa kata yao, mzee wa pamba na ng'ombe, ambaye alisoma darasa la wazee na kuandika jina lake kwa kulichora.

Luhende alilibeba. Kikao cha kwanza akauliza, na Ofisa Mtendaji akasoma jibu lililotoka ofisi ya Mkuu wa Wilaya: "Suala hilo linashughulikiwa." Kikao cha pili akauliza tena kwenye yatokanayo. Linashughulikiwa. Na kilichofuata, vivyo hivyo. Nimelipiga neno hilo kwenye stenseli mara nyingi kuliko jina la mama yangu, na mpaka leo nikilisikia redioni naizima. Mama Shija alikuja vikao vyote. Alikaa benchi la wananchi, nyuma kabisa, mikono juu ya magoti. Hakuelewa nusu ya Kiswahili chetu cha kanuni, lakini lile neno alilifahamu. Likitajwa, aliinuka akaenda zake.

Kikafika kikao cha makadirio. Hicho ndicho kikao kikubwa cha mwaka, maana bila makadirio kupitishwa hakuna dawa za zahanati, hakuna daraja, na hakuna gari la Mkuu wa Wilaya kutiwa mafuta kwenye ziara zetu. Akidi ilitimia. Nikasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, nikakaa. Mwenyekiti akauliza, "Nani anatoa hoja kumbukumbu zithibitishwe?"

Kimya.

Akauliza tena akidhani hawakusikia. Madiwani wote walikuwa wamemkazia macho. Hakuna aliyesinzia, hakuna aliyekohoa. Akamgeukia Ofisa Mtendaji, naye akanigeukia mimi, nami nikaandika nilivyofundishwa: Hakuna aliyetoa hoja.

"Waheshimiwa, kuna kosa kwenye kumbukumbu?" Mwenyekiti akauliza. Kimya. "Mnapinga?" Kimya. Angepinga mtu, tungepiga kura. Wangetoka nje, akidi ingevunjika na wangeandikiwa utoro. Lakini wao walikuwepo, wamekaa, wamevaa mashati yao ya kikao, na hakuna kanuni hata moja duniani inayomlazimisha diwani kutoa hoja. Kikao kikaahirishwa hadi kesho yake. Kesho yake ikawa vile vile.

Mchana wa siku hiyo nilimkuta Luhende kisimani ananawa uso. Nikamwuliza, "Mzee, huu ujanja mmeutoa wapi?"

"Ujanja gani, ng'wanawane, mwanangu? Wewe Msumbwa hujui ibanza?" Akanieleza kama anavyoelezwa mkwe mgeni. Kijijini, mwano ukilia na mtu asitoke, baraza la wanakijiji linamkalia. Hilo ndilo ibanza. Kuanzia siku hiyo hasemeshwi. Akisalimu haitikiwi, akiomba moto hapewi, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe, mpaka asimame mbele ya watu akiri kwamba amekosa na alipe ng'ombe, na watu wamle ng'ombe huyo pamoja naye. Wakishamla, yamekwisha. Hakuna wa kulitaja tena kosa lile.

"Sasa serikali," Luhende akasema, "mwano ulipigwa, haikuja. Tumewakamata wezi kwa mikono yetu, imewafungua. Serikali ni nani hata isikaliwe ibanza?"

Nawaambia kweli, nilitaka kumkumbatia. Wazee wale walichukua mila ya kwao wakaivisha kanuni yetu, ikakaa kama shati la kupimwa. Walichodai ni kimoja, na Luhende akaniagiza nikiandike nikipeleke kwa Ofisa Mtendaji: Mkuu wa Polisi wa Wilaya aje ukumbini, Mama Shija akiwapo, aseme nani kawafungua wale watu na kwa sababu gani. Makadirio yatapita saa hiyo hiyo.

Mkuu wa Wilaya alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa pwani, mtanashati, msemaji hodari wa mikutano. "Habari zenu, waheshimiwa!" Hakuitikiwa. Akaona haya, kisha akakasirika. "Hawa wamekuwa mabubu? Mnajua nani anayekwamisha maendeleo ya nchi hii? Zahanati zikifungwa watoto wa nani watakufa, wangu au wenu?" Hapo niliona mabega ya madiwani wengine yakishuka, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli. Watoto walikuwa wao. Lakini midomo haikufunguka, naye akatoka kwa kishindo akaingia ofisi ya Ofisa Mtendaji. Mimi nilikuwa chumba cha pili narudufu karatasi, na ukuta ulikuwa wa mbao.

"Niwakamate?" Mkuu wa Wilaya akauliza.

"Kwa kosa gani, Mzee? Kunyamaza? Kanuni iko upande wao. Huwezi kuwashinda kwa kanuni." Kisha nikaisikia sauti ya Ofisa Mtendaji, mwalimu wangu wa kazi, ikipungua, tamu kama ya mtu anayempimia mteja sukari. "Washinde kwa mila yao. Mimi nimezaliwa humu. Sema umekosa, lipa dume moja, uahidi kumleta Mkuu wa Polisi kikao kijacho. Watakula, na wakishakula hawawezi kukuuliza tena. Watajionea haya wenyewe."

"Dume nitalitoa wapi? Mimi sina ng'ombe."

"Hilo niachie mimi."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mkuu wa Wilaya alisimama bila kofia, akayasema maneno ya kukiri kosa kwa Kisukuma alichofundishwa usiku, kwa lafudhi yake ya pwani. Ukumbi ulitikisika. Sijawahi kuona watu wazima wakifarijika namna ile, maana mtu mkubwa wa serikali alikuwa amesimama kwenye ibanza kama mwanakijiji. Akaahidi kwamba kikao kijacho, jambo la kwanza kwenye yatokanayo, Mkuu wa Polisi atajibu mbele ya mama huyu.

Diwani mmoja kijana, mwalimu wa shule ya msingi, akamnong'oneza Luhende waendelee kunyamaza mpaka jibu lije leo hii. Luhende akamkatalia kwa sauti. "Amesema mbele ya watu. Mtu akisema mbele ya watu, amesema." Akainuka na kutoa hoja kumbukumbu zithibitishwe. Waliomuunga mkono walikuwa wengi hata nikashindwa kuchagua jina la kuandika. Makadirio yakapita kabla ya adhuhuri, kifungu kwa kifungu.

Dume lilikwisha kuchinjwa nyuma ya ofisi, na nyama ilikuwa majikoni. Mimi sikula. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na sisi wa misheni hatukugusa nyama. Nilikaa kivulini nikawatazama wakicheka na Mkuu wa Wilaya, wakimpa ini, wakimfundisha kusema wabeja, yaani asante. Mama Shija alipakuliwa kwanza, kwa heshima ya msiba wake, lakini kabla ya kula akazunguka nyuma kutafuta maji ya kunawa. Ngozi ilikuwa imetandazwa huko, imewambwa chini kwa vigingi, kichwa kando yake.

Alikaa kule muda mrefu. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa, ameshika sikio la dume kati ya vidole viwili. Sikio lilikuwa limechanjwa alama ya mwenye ng'ombe, mara mbili chini na mara moja juu. Begani kwenye ngozi kulikuwa na baka jeupe.

"Huyu ni wa Shija," akasema. "Baba yake alimpa akiwa ndama. Mimi ndiye niliyeshika kamba alipochanjwa."

Nikamwita Luhende. Alikuja bado anatafuna. Akaitazama alama, akamtazama yule mama, na nikaona taya lake likisimama. Alitema kile kilichokuwa mdomoni akakifukia kwa mguu, na machozi yakamtoka mzee yule mbele yangu. Ofisa Mtendaji alikuwa amelitoa dume zizi la polisi. Kwake yeye lilikuwa dume tu lililokuwa likila majani bila kazi. Watu walikula ushahidi wa kifo cha mtoto wa mwenzao wakifikiri wanakula suluhu.

Luhende alirudi ukumbini akidai kikao kifunguliwe upya. Ofisa Mtendaji alivaa miwani yake akamsomea kanuni taratibu, kama mtu asomaye Injili: jambo lililokwisha kuamuliwa halifunguliwi tena katika kikao kile kile. "Kikao kijacho, Mheshimiwa. Kwenye yatokanayo." Nilimtazama mtu huyo aliyenifundisha kazi nikamchukia, na sijaacha. Najua amekwisha kufa. Nimesikia watu wakimwombea, nami nikakaa kimya kama madiwani.

Kikao kijacho hakikuja. Mwanzoni mwa miaka ya sabini halmashauri za wilaya zilivunjwa nchi nzima, ukaja utaratibu wa Madaraka Mikoani, na maofisa wakachukua kazi za madiwani. Hakukuwa tena na akidi, wala hoja, wala benchi la wananchi. Luhende alirudi kwenye pamba yake. Nilisikia kwamba hakugusa tena nyama ya ng'ombe, na kwamba alikufa akiwauliza wageni kama halmashauri imerudi. Mimi nilipelekwa Shinyanga kwa Ofisa Utumishi mmoja aliyelala mezani, kisha Geita, enzi ambazo wachimbaji walikuwa wakisagasaga mawe kwa siri na kuja ofisini kwetu na vumbi jeupe kwenye nywele kuomba vyeti vya kuzaliwa. Nilifanya kazi yangu. Sikuipenda tena.

Katika miaka ya themanini halmashauri zikarudishwa, nami nikarudishwa wilaya ile ile, sasa Karani Mkuu. Siku ya kikao cha kwanza nilifika mapema kupanga viti. Mama Shija alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amezeeka sana, jicho moja lina ukungu, amekaa benchi la nyuma, mikono juu ya magoti. Nilipomwamkia aliitambua sauti yangu.

Mwenyekiti mpya alikuwa kijana mwenye haraka. "Kuthibitisha kumbukumbu, hakuna, hiki ni kikao cha kwanza. Yatokanayo, hakuna. Tuendelee."

Nikasikia sauti nyuma yangu, ile ile ya chini. "Karani, wamefika kwenye lile langu?"

Wote wakageuka. Nilisimama, jambo ambalo karani haruhusiwi, nikaeleza. Nimtendee haki yule kijana, alisikiliza, na wiki ile ile akampeleka Mama Shija kwa Mkuu wa Polisi wa wakati huo, nami nikaenda kutafsiri. Mkuu wa Polisi alikuwa muungwana. Alimpa kiti, akalisoma faili kwa sauti, hakuficha kitu. Washukiwa waliachiwa upelelezi ukiendelea. Upelelezi ukafungwa baadaye kwa sababu ng'ombe waliokuwa kidhibiti hawakuonekana tena.

"Nani aliwafungua?" Mama Shija akauliza.

"Hapo hapajaandikwa, mama."

"Na ng'ombe walikwenda wapi?"

"Faili linasema walipotea."

Nikamtafsiria. Akatikisa kichwa taratibu, akajifunga kanga yake upya. "Mwambie hawakupotea. Mwambie nilipakuliwa wa kwanza." Sikuyatafsiri yote. Alisimama mwenyewe, akakataa mkono wangu, akatoka nje. Sikumwona tena.

Siku yangu ya kustaafu Mkurugenzi alinisifu kwa hotuba ndefu, nikapewa saa ya ukutani na cheti. Makarani vijana wakaniomba neno la hekima. Niliwapa lile nililopewa mimi mbele ya meza ya Ofisa Mtendaji nikiwa na viatu vya kuazima, kwamba neno lisilo na mtoa hoja ni upepo, nao wakapiga makofi. Kisha wakatangaza kwamba wamenichinjia ng'ombe.

Wakanikaribisha meza ya mbele. Nikaomba radhi kidogo, nikazunguka nyuma ya ofisi palipowambwa ngozi, nikachuchumaa na magoti yangu haya mabovu nikalishika sikio. Lilikuwa zima, halina alama yoyote. Nilirudi mezani nikakaa mbele ya sahani yangu, wakanisubiri nianze, nikashindwa.